Tupeane uzoefu: MCA (mwakilishi wa wadi bunge la kaunti), wodi admin (msimamizi wa wadi), chifu, mzee wa mtaa... nyinyi mwamfuata nani?

Salaam wenzangu wa Malindi na Lamu. Naanza mimi wa Maweni. Masika yaliyopita maji yaliingia mpaka chini ya kitanda, nikaenda kwa wodi admin akanambia mama karavati la kupitisha maji lataka bajeti na bajeti yapitishwa na MCA, kwa MCA naambiwa kuchimba mtaro ni kazi ya kaunti rudi kwa admin, nauli ya tuktuk imekwisha na watoto walala kwa shangazi yao. Ndo nikauliza mpaka nikaelewa: MCA twampigia kura, miaka mitano, admin aajiriwa na bodi ya kaunti kwa hivyo hata mkasirike vipi debe halimtoi, na chifu ni wa serikali kuu. Haya, semeni yenu.

>> Mimi Ganda. Kura yetu ya 2017 kiti cha MCA ilifutwa kotini tukarudi kupiga upya Oktoba 2019. Ule muda katikati fomu ya bursari ya kijana wangu ilikua yazunguka tu, kila ofisi waniuliza MCA wenu nani, nasema hatuna. Tangu hapo sikosi kupiga kura hata niwe na homa.

>> Kabla ya 2013 ilikua madiwani, na meya hatukumchagua sisi, madiwani walichaguana wenyewe kwa wenyewe. Lakini diwani wetu alikua akiswali na sisi, ukimtaka wamngoja nje ya msikiti yaisha. Huyu wa sai gari ina vioo vyeusi.

>> Binamu yangu 2022 alinyimwa tiketi ya chama akasema naingia huru. Lazima wapiga kura 500 wa wadi hiyohiyo wamuunge mkono. Tulitembea Ramadhani yote baada ya tarawehe mlango kwa mlango, wengine wakikuona na karatasi na kitambulisho wadhani ni mkopo wafunga mlango!! Alishindwa, lakini mimi nilijua shida za kila nyumba Barani.

>> Na mjue gavana mwisho vipindi viwili, MCA hana mwisho. Akirudi mara ya nne ni sisi tumemrudisha.

>> Sisi wa Faza tukitaka ofisi za kaunti Mokowe ni boti, na kusi ikivuma hutoki. Kwetu mzee wa mtaa ndo kila kitu, tulimchagua barazani chifu akiwepo, hana muda maalum na kazi ya usiku na mchana, mama akishikwa na uchungu ndo huyo agongewa. Hilo la mzee kutopumzika laniuma sana.

>> (wa Maweni tena) Shukran nyote. Kikao cha maoni ya bajeti kikiitishwa mimi naenda na picha za maji kwa simu, tarehe zote ziko. Wa Maweni mnaotaka twende pamoja tukutane baada ya laasiri, tuwe wengi, kina mama haswa.