Kangambili na yule anayefanana naye: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Nalima bamia huku Hombolo. Kwenye bamia nilizoacha za mbegu kangambili, wale wadudu wanaofyonza mbegu, wamejaa kama kawaida, lakini kati yao nimemwona mmoja mwenye rangi zilezile, nyekundu na nyeusi, kichwa chembamba. Huyu hagusi bamia. Amemchoma kangambili na anatembea naye. Mliowahi kumwona, mlimfanyaje?

Mama wa Mpwapwa: Huyo mwache, ndugu yangu! Ni mwindaji, wataalamu humwita Phonoctonus, na chakula chake kikubwa ni hao hao kangambili. Wote wawili hawana meno, wana mrija. Wa kangambili ni mrefu, umenyooka, akipumzika anaulaza chini ya tumbo. Anautoboza hadi kwenye mbegu, anatema mate, anafyonza. Kwenye pamba hapo ndipo anapoingiza ukungu, nyuzi zikageuka njano. Wa mwindaji ni mfupi, mnene, umepinda kama ndoano. Mate yake humpooza kangambili na kumyeyusha nyama za ndani. Akimaliza linabaki gamba tupu. Rangi zile zinamsaidia kukaa katikati yao bila kushtukiwa.

Mkulima Bahi: Nyongeza. Tazameni chini ya mibuyu. Mabuyu yakianguka na kupasuka, watoto wa kangambili, wekundu na bado hawana mabawa, wanazilalia zile mbegu. Mbuyu, bamia na pamba ni ukoo mmoja, kwa hiyo wakimaliza hapa wanahamia pale. Mimi nayaokota yaliyo jirani na shamba, na kwenye bamia naona nafuu.

Kijana wa Kongwa: Dada, usimshike huyo mwindaji kwa mkono. Mdogo wangu alichomwa kidole, alilia sana. Kangambili hana shida, okota tu utie kwenye kopo la maji ya sabuni.

Mleta mada: Asanteni sana, Mama na wadogo zangu. Basi sipulizi dawa, maana ingewaua wote wawili. Nitaokota asubuhi kabla jua halijawa kali, wenye mdomo uliopinda nawaacha. Kangambili hutaga kwenye udongo; walio Singida kwenye pamba, mnapalilia mapema kuyafukua yale mayai, au mnangoja hadi watoto wapande?