Shamba la baba Mlalo: tung'oe majani ya makingamaji au tuyaache?

BintiMlalo
Salaam wadau wa kilimo. Mimi ni mzaliwa wa Mlalo, Lushoto, kwa sasa naishi Tanga mjini. Baba alifariki mwaka juzi, akatuachia shamba la kawaida la milimani kwetu: migomba na kahawa kuzunguka nyumba, mteremko wa mahindi na maharage, na chini kabisa bustani ya kabichi kando ya kijito.

Mteremko una makingamaji manne, yaani mistari ya kukata mteremko ili maji yasibebe udongo, yaliyopandwa majani ya guatemala ya kulisha ng'ombe. Mdogo wangu, ambaye ndiye analima, anataka kuyang'oa yote apande viazi mviringo. Anasema majani yanakula ardhi, na ng'ombe tuliuza wakati wa ugonjwa wa baba.

Nilikwenda huko Aprili. Mvua ilinyesha siku tatu. Asubuhi ukungu ulifunika bonde lote, hata nyumba za ng'ambo zenye roshani za mbao sikuziona, nasikia tu majogoo na mtu akimwita mwenzake mlima wa pili. Ulipoinuka nikashuka bustanini. Kijito kilikuwa tope tupu. Mistari miwili ya kabichi zetu ilikuwa imefukiwa na udongo, vichwa tu vinachungulia. Udongo ule haukutoka kwetu, ulitoka shamba la jirani wa upande wa juu, ambaye aling'oa majani yake misimu miwili iliyopita. Niliuchota kwa mikono, mweusi, mlaini, una harufu ya samadi. Nililia, sioni aibu kusema.

Sasa nimwambie nini mdogo wangu? Mimi sishiki jembe, yeye ndiye anayeamka alfajiri. Nahitaji hoja ya kumsaidia, siyo ya kumshinda.

MkulimaLukozi
Pole sana dada. Usikubali yang'olewe. Mimi nalima viazi Lukozi. Kiazi kinataka udongo uliotifuliwa, halafu siku ya kuvuna unafukua shamba zima. Kwenye mteremko usio na kinga, mvua ikikukuta hapo umekwisha.

Tena mwambie hivi: asidhani hela ya viazi inapotelea kwenye majani. Inapotelea kwenye lumbesa. Gunia linajazwa, linashonewa kilemba juu, unalipwa bei ya gunia moja. Akiongeza mistari minne ya viazi ataongeza kilemba cha mnunuzi. Bora waungane majirani wachache wauze kwa kilo.

Guatemala akate mapema, likikomaa linakuwa gumu na ng'ombe analikataa.

Mzee wa Soni
Mwanangu, hayo majani yana historia. Miaka ya 1940 Mwingereza alianza mpango wa kuhifadhi udongo hapo hapo Mlalo, na miaka ya 1950 akataka Usambara yote ichimbe matuta kwa amri. Asiyechimba anashtakiwa. Wazee wetu walikataa, akina mama wakiwa mstari wa mbele, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru. Hawakuwa wajinga wa udongo, walikataa kulazimishwa.

Miaka ya 1980 ukaja mradi wa SECAP, wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, kwa msaada wa Wajerumani. Safari hii mistari ya majani iliambatana na ng'ombe wa bandani. Majani yanalisha ng'ombe, samadi inarudi shambani, watoto wanapata maziwa. Watu wengi waliyapanda kwa sababu hiyo. Ninyi mmetoa ng'ombe mkabakisha majani, ndiyo maana kijana anayaona mzigo.

Kijana_Mtae
Mimi nipo upande wa mdogo wako, samahani. Kama shamba ni la robo ekari, mistari minne ya majani ni mingi, na kuyauza kwa wenye ng'ombe kunalipa kidogo. Ninyi mliopo mjini mnaililia ardhi, sisi tunaibeba mgongoni. Mzee amesema kweli: bila ng'ombe hoja hiyo haina miguu. Mnunulie.

Kama mistari haiko usawa mmoja, apime upya kwa kipimo cha A. Fito tatu, kamba na jiwe vinatosha. Huenda mistari mitatu iliyo usawa mmoja ikafanya kazi ya minne.

BintiMlalo
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Kijana_Mtae, umenigusa, na una haki.

Nimempigia mdogo wangu jana usiku, nikamsomea majibu yote. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Ng'ombe nani atanunua?" Nimemwambia mimi. Natoa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, kabla ya vuli, banda analijenga yeye, maziwa ya asubuhi ni yake auze, ya jioni yabaki kwa mama. Mistari tutaipima pamoja nikienda huko mwezi ujao. Jirani wa juu amekubali tumkatie mapando ya guatemala bure, apande upya mpakani.

Mwenye kujua mtamba mzuri maeneo ya Lushoto au Soni, aniambie bei hapa hapa.