MJADALA: Mgonjwa wa baridi yabisi aliyetulia, ana haja ya altrasaundi ya viungo kila kliniki?

Mleta mada:
Wakuu, nahudumu kliniki ya viungo na jambo hili linaniumiza. Wagonjwa wa baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo, wanazidi kuandikiwa altrasaundi ya mikono kila wanaporudi, wengine hadi MRI (picha ya ndani inayopigwa kwa sumaku), hata wakiwa hawana uvimbe wowote. Wengi wanalipa kutoka mfukoni. Nasema kipimo hiki kisiwe cha kila ziara.

Makali ya ugonjwa tunayapima kwenye viungo 28: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vidole vya mikono na magoti. Unabonyeza kila kiungo kwa kidole gumba. Kilichovimba unakisikia laini, kinabonyea, na mgonjwa anashtuka. Unaongeza ESR au CRP (vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini), halafu mgonjwa mwenyewe anasema anajionaje. Vyote vinaingia kwenye hesabu moja ya alama. Alama zikiwa chini ya 2.6 tunahesabu kuwa ametulia.

Hoja ya upande wa pili naijua, na ni nzito. Mwaka 2008 watafiti wa Leeds, Uingereza, walionyesha kwamba hata kwa watu waliohesabiwa wametulia, picha zilikuta uvimbe wa ndani, na viungo vilivyowaka kwenye Dopla (altrasaundi inayoonyesha kwa rangi damu inavyopita) ndivyo vilivyokuwa katika hatari ya kuendelea kuharibika. Ndipo watu wakasema: basi tuongeze dawa mpaka picha iwe safi.

Wakajaribu. Norwei, utafiti wa ARCTIC uliotoka 2016, wagonjwa 238 kwa miaka miwili: waliofikia lengo (kutulia, bila kiungo kilichovimba wala kuendelea kuharibika) kwa kufuata altrasaundi ni asilimia 22, bila altrasaundi 19. Tofauti hiyo si ya kutegemewa. Denimaki, 2019, wagonjwa 200 waliokuwa tayari wametulia: waliobaki wametulia upande wa MRI ni asilimia 85, upande wa kawaida 88. Ila waliopata matatizo makubwa ya kiafya walikuwa 17 upande wa MRI na 6 upande wa pili. Dawa ziliongezwa, lakini kwenye malengo makuu nafuu haikuongezeka.

Mchangiaji (mgonjwa):
Daktari, hesabu yenu ya viungo 28 haina nyayo! Ugonjwa wangu uko kwenye vidole vya miguu. Niliambiwa nimetulia huku viatu haviingii. Altrasaundi ndiyo iliyonisemea, ndipo nikasikilizwa.

Mleta mada:
Pole sana dada. Hapo una haki kabisa, na lawama ni yetu sisi wahudumu. Mgonjwa avue viatu na soksi, nyayo ibanwe kwa pembeni pale vidole vinapoanzia. Akiruka kwa maumivu, kuna jambo. Haigharimu chochote, na kliniki nyingi hatufanyi kwa sababu foleni ni ndefu. Mashine isiwe mbadala wa kumvua mgonjwa soksi.

Mchangiaji (radiolojia):
Mkuu, usitupe kila kitu. Kuna mgonjwa analalamika mwili mzima, usingizi hapati, alama zake ziko juu, lakini ESR ni ya kawaida na viungo huvielewi. Namwekea jeli kwenye kifundo cha mkono, nawasha Dopla, hakuna hata doa jekundu moja. Huyo maumivu yake ni ya kweli, lakini hayatoki kwenye uvimbe. Bila ile picha angepandishiwa dawa za kushusha kinga, na kwetu huku hilo maana yake ni kumweka karibu na kifua kikuu.

Mleta mada:
Hapo nakuunga mkono asilimia mia. Mgonjwa wako ana swali linalotaka jibu, na jibu linabadilisha dawa. Vivyo hivyo mgonjwa mpya ambaye hatujui kama ni baridi yabisi au la. Ninachopinga ni picha inayoandikwa kwa mazoea. Nimeona mtu amelipia picha, akaondoka bila methotrekseti, dawa yake ya baridi yabisi, ya mwezi kwa sababu hela imeisha. Huyo tumemdhuru kwa mikono yetu.

Napendekeza fomu ya kipimo iwe na mstari mmoja wa lazima: majibu yakiwa hivi, dawa itabadilishwa vipi? Daktari akishindwa kuujaza, kipimo kisifanyike. Wenye wagonjwa mlioko Mwanza, Mombasa, Goma na kwingineko: mlipoandikiwa picha, mliambiwa itabadilisha nini?