Rojo la mkate wa kumimina lililokataa kufura: kusubiri, kuongeza hamira au kusaga upya?

Mpishi wa Kikwajuni
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Asubuhi nimesaga mchele uliolowekwa usiku kucha pamoja na tui la kasimu, yaani lile zito la kwanza, nikatia hamira, sukari na hiliki, kisha nikafunika kwa kawa. Hadi adhuhuri rojo limelala vilevile, halina hata povu pembeni mwa bakuli. Jirani mmoja ananiambia nisubiri mpaka alasiri, mwengine anasema niongeze hamira, na wifi yangu anasema nimwage nianze upya. Naomba mnilinganishie njia hizi, kwa sababu nazi ni ghali na wageni wa futari wanakuja leo.

Mwenyeji wa Wete
Waalaykum salaam, dada. Usichague njia yoyote kabla ya kujua kama hamira yako imelala au imekufa, kwani hamira ni kitu chenye uhai: baridi huilaza tu, lakini moto huiua, na ikishakufa hakuna kusubiri kutakakoirudisha. Tui lililokamuliwa kwa maji ya moto na kutiwa kabla ya kupoa, likifika kiasi cha nyuzi 60, humaliza hamira yote. Chota rojo kidogo ndani ya gilasi, uiweke gilasi hiyo katika bakuli la maji vuguvugu, kisha uitazame kwa upande baada ya nusu saa. Ukiona vitundu vidogo vinapanda kwenye ukuta wa gilasi, hamira ni nzima na inataka joto tu, kwa hiyo kusubiri kunatosha ukiliweka bakuli karibu na jiko. Rojo likibaki kimya kama uji, kusubiri ni kupoteza wakati.

Bi Mkubwa wa Chake
Nakubaliana na kipimo cha gilasi, ila mimi simshauri mtu asubiri mpaka alasiri kwa joto letu hili. Tui halina subira: huanza kuharibika kabla mkate haujafura, na harufu yake haifichiki kwa hiliki hata ukizidisha. Kwangu njia bora ni kuongeza hamira, kwa sharti kwamba uiamshe kwanza pembeni. Tia kijiko cha hamira na kijiko cha chai cha sukari katika nusu kikombe cha maji vuguvugu, ambayo kidole kinayavumilia bila shida, uache dakika 10. Ikipanda povu zito lenye harufu ya mkate, imimine katika rojo na ukoroge taratibu. Isipopanda, tatizo ni hamira yenyewe. Pakiti iliyofunguliwa na kuachwa kabatini huvuta unyevu wa bahari na kufa polepole, hata kama tarehe yake haijapita, kwa hiyo ifungeni vizuri na muihifadhi katika friji.

Mzee wa Makunduchi
Wanangu, zamani mikate ya mchele iliumuliwa kwa tembo la mnazi, ambalo lina hamira yake ya asili. Siwashauri mrudi huko, kwa kuwa tembo hulevya na wengi wetu hatuliingizi jikoni. Nawatahadharisha pia na beking pauda, ambayo baadhi ya watu huikimbilia wanapobanwa na wakati. Mkate utanyanyuka kweli, lakini utakosa ile ladha ya kuumuka ambayo ndiyo inayoutambulisha mkate wa kumimina. Afadhali ichelewe futari.

Mpishi wa Kikwajuni
Nashukuruni sana. Gilasi imeonesha vitundu vichache mno. Tui nililitoa kwenye friji, na sukari niliitia yote tangu mwanzo, vikombe viwili kwa vikombe vitatu vya mchele.

Mwenyeji wa Wete
Basi hamira yako ni hai, ila imebanwa mara mbili, kwa baridi na kwa sukari. Sukari nyingi huvuta maji kutoka ndani ya hamira, ikawa inadhoofika katikati ya chakula, na ndiyo maana wapishi wengi hutia sukari kidogo mwanzoni na kuiongeza rojo likishafura. Kwa kuwa sukari haitoki tena, saga kikombe kimoja cha mchele uliolowekwa kwa tui vuguvugu bila sukari, uchanganye, kisha utie hamira iliyoamshwa kama alivyoeleza Bi Mkubwa. Liweke bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto iliyoepuliwa, si juu ya moto wenyewe. Huna haja ya kumwaga chochote.

Bi Mkubwa wa Chake
Na ute wa yai usiutie sasa. Usubiri rojo lifure, uupige, uuchanganye kwa mwiko bila kukoroga kwa nguvu, kisha umimine papo hapo katika sufuria iliyopakwa mafuta na kupata moto. Rojo lililofura likikorogwa sana hupoteza hewa yake, na mchele hauna mnato wa ngano wa kuizuia.