Tupeane uzoefu: maji ya kuku yasigande wala yasichafuke msimu wa baridi

Mama Tetea (Minnesota), mleta mada
Habari zenu wakuu. Huku Desemba imeshabisha hodi, na mlioko nchi za theluji mnajua shughuli yake. Kuku wenyewe hawanipi presha, manyoya wanayo na banda halipitishi upepo. Mtihani ni maji. Usiku ukishuka nyuzi 20 chini ya sifuri, drinka (chombo cha kunyweshea kuku) ya plastiki inakuwa jiwe, na mara nyingi inapasuka kitako. Tetea anayetaga anataka kama robo lita kwa siku, na yai lenyewe karibu robo tatu ni maji. Akikosa maji, idadi ya mayai inashuka bila kuchelewa. Kuna wanaosema watadonoa theluji. Kudonoa wanadonoa, ila haiwatoshi, tena wanapoteza joto la mwili kuiyeyusha.

Mimi natumia drinka ya bati juu ya sahani ya umeme yenye thamostati. Maji yakikaribia kuganda inajiwasha, yakipata joto kidogo inajizima. Ya plastiki usiikalishe juu yake kabla ya kusoma maelekezo. Soketi iwe ile inayokata umeme ikipata maji, na waya usipite chini ya maranda. Karibuni, kila mtu aseme kwake anafanyaje.

Baba Zuhura (Maine)
Banda langu liko mbali na nyumba, umeme haufiki. Nina mabeseni mawili meusi ya mpira, ya kunyweshea mifugo. Moja linakuwa kwa kuku, jingine ndani linayeyuka. Likiganda unalipindua, unalikanyaga mgongoni, bonge linatoka zima na beseni halina hata ufa. Chagua lenye kina, maana maji mengi yanachelewa kuganda, na liweke juani. Asubuhi napeleka maji ya vuguvugu, mchana tena, na mara ya mwisho kabla hawajapanda kulala. Usiku naondoa kila kitu. Kuku gizani hanywi, sasa unamwekea nani?

Mama Tetea
Na ukiwa zamu ya mchana kazini, baba?

Baba Zuhura
Zuhura akitoka shule anapitia bandani kabla ya kuvua koti. Analalamika, lakini hela ya mayai anaijua.

Jogoo la Shamba (Alberta)
Naongezea jambo ambalo watu hawaliangalii: unyevu. Beseni la wazi ndani ya banda lililofungwa linatoa mvuke usiku kucha, maranda yanalowa, harufu ya mkojo inapanda. Baridi kavu kuku anaivumilia vizuri, yenye unyevu ndiyo inayomla upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani. Jogoo wangu wa aina ya Leghorn ana upanga mkubwa na ndevu ndefu, zile nyama zinazoning'inia chini ya mdomo. Kila akiinama kunywa ndevu zinachovya, akitoka nje zinaganda, ncha zikawa nyeusi. Nimewahi kumpaka vaselini, sikuona tofauti ya maana. Kilichosaidia ni kuhamia ndoo yenye chuchu za kunyweshea za pembeni (kuku anadonoa, maji yanatoka), ndani kuna hita ndogo ya kuzamishwa. Zile chuchu za chini zinabaki na tone linaloganda, kuku akidonoa hakuna kitu. Ndoo ina mfuniko, kwa hiyo kinyesi hakiingii, mvuke hautoki, na ndevu hazigusi maji.

Halafu taa za joto, jamani. Mtu anaining'iniza juu ya drinka kwa kamba, kuku anaruka, taa inaangukia maranda makavu. Mabanda yanaungua hivyo kila msimu wa baridi. Pasha maji, usipashe banda.

Mnyalukolo wa Makete
Nawasoma nikiwa Makete, msidhani Tanzania yote ni joto. Juni na Julai sakitu ikianguka, alfajiri drinka ina utando wa barafu, unaugonga kwa kijiti basi. Cha kwangu mimi ni usafi. Watu wakiona baridi wanadhani maji hayaharibiki, wanakaa siku kadhaa wakijaziajazia juu. Pitisha kidole ndani utakuta utelezi, na huo hautoki kwa kusuuza, unataka brashi na sabuni. Pia inua drinka juu ya matofali ifike usawa wa mgongo wa kuku. Ikiwa chini wanachakura maranda yote yanaingia humo.

Mama Tetea
Asante mkuu. Walio nje wafunike pia, maana bata mwitu nao wana kiu, na wanaweza kuacha mafua ya ndege kwenye maji. Mafua ya ndege ya 2015 na 2022 yalipiga vibaya sana mashamba ya bata mzinga hapa jimboni.

Mgeni Jijini (Ontario)
Samahanini, mimi ndiyo naanza. Nimeambiwa niweke chumvi yasigande, au siki ya tufaha.

Jogoo la Shamba
Chumvi ya kuzuia maji kuganda itawaua kwanza. Wengine wanaijaza kwenye chupa, wanaifunga na kuielesha juu ya maji ili itikisike. Kwenye baridi ya kweli haifui dafu. Siki haizuii kuganda, na kwenye drinka ya bati usithubutu, inakula zinki. Dawa ya rejeta ya gari usiipeleke hata karibu na banda, ni sumu. Wewe una umeme bandani au huna? Tuanzie hapo.

Mgeni Jijini
Sina. Kuku wanne tu.

Baba Zuhura
Basi mabeseni mawili ya mpira, na birika.