Sanduku linasema Jaguar E-Type ya 1961, ndani kuna ya 1968. Nimeuziwa nini?

Ndugu wanajukwaa,

Wiki iliyopita nilipokea kigari cha mfano cha Jaguar E-Type, kipimo cha 1:18, nilichokilipia shilingi 420,000 kwa muuzaji wa mtandaoni. Tangazo lake na maandishi ya sandukuni yalitaja toleo la kwanza la 1961, yaani gari lile lililozinduliwa Geneva mwezi Machi mwaka huo, na ni toleo hilo pekee nililokuwa nikilitafuta.

Kilichotoka sandukuni ni gari jingine. Taa za mbele ziko wazi, ilhali taa za E-Type za mwanzo zilifunikwa kwa kioo kilichofuata mteremko wa boneti, na bila kioo hicho uso wa gari lile hupoteza uzuri wake wote. Taa za nyuma zimekaa chini ya bampa badala ya juu yake. Waipa ni mbili. Zilipaswa kuwa tatu. Nikainua boneti (ambayo, tuwe wa haki, inafunguka kuelekea mbele kama inavyotakiwa) nikakuta kabureta mbili, wakati injini ya lita 3.8 ya gari la 1961 ilikuwa na tatu. Anayezijua gari hizi ameshaelewa: hiyo ni E-Type ya toleo la pili, ya kuanzia 1968, tena ya soko la Marekani, ambako sheria za usalama na za moshi ndizo zilizolazimisha sehemu kubwa ya mabadiliko hayo. Inaelekea kiwanda kina kalibu moja tu, na hubandika lebo yoyote itakayouza.

Ukubwa sina ugomvi nao. Nilipima umbali kati ya ekseli mbili nikapata sentimita 13.5, sawasawa na milimita 2,438 za gari halisi zikigawanywa kwa 18. Kwa hiyo mtu aliyeweza kupima kwa makini namna hiyo hakushindwa kuhesabu waipa.

Nilipomwandikia muuzaji, alinijibu kwamba hilo ni pambo la mezani tu na hakuna mgeni wangu atakayegundua. Mimi sikukinunua kwa ajili ya wageni! Kisha akanipa punguzo la asilimia 10 kwa manunuzi yajayo, kana kwamba nina hamu ya kudanganywa mara ya pili kwa bei nafuu. Nimemdai fedha zangu zote pamoja na gharama ya kukirudisha. Hajajibu, na hadi jioni hii tangazo lake bado lina picha ya gari lenye taa za kufunikwa.