Binti kapangiwa kutwa, mtoto wa kaka bweni: maandalizi ya kidato cha kwanza nianzie wapi?

MamaWawili_Kinyerezi

Habari za jioni wadau. Nina watoto wawili wanaoingia kidato cha kwanza Januari. Binti yangu kapangiwa shule ya serikali ya kutwa maeneo ya Upanga, na sisi tunakaa Kinyerezi. Mtoto wa kaka, ambaye naishi naye, kapangiwa bweni Dodoma. Wote wametoka shule za msingi za serikali, masomo kwa Kiswahili.

Fomu za kujiunga nimeshapakua na kuchapisha steshenari. Orodha ya bweni inaanzia godoro inaishia fyekeo. Naomba wenye uzoefu mnisaidie: kipi kifanyike sasa hivi na kipi kinaweza kungoja? Hii twisheni ya prifomu wani ina maana au ni kuwapa watu hela? Na binti, kutoka Kinyerezi hadi Upanga kila siku, atoke nyumbani saa ngapi? Hela ipo ila ya kubana, kwa hiyo "nunua kila kitu" sio jibu.

Mwl_KidatoChaKwanza

Hongera mama. Kariakoo iache kwanza, kuna mawili yanatangulia: majina na lugha.

Majina. Leo hii toa vyeti vya kuzaliwa, uviweke pembeni ya orodha ya TAMISEMI, usome herufi kwa herufi, majina yote matatu. Ally na Ali, Shabani na Shaban, au jina la kati lililobaki herufi moja na nukta. Jina analoingia nalo ndilo linaloelekea kwenye usajili wa upimaji wa kidato cha pili na mtihani wa kidato cha nne, na likishakaa kwenye cheti, kulirekebisha ni mlima. Ukikuta tofauti, rudi kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi na cheti mkononi kabla hajafunga ofisi. Hapohapo chukua namba ya PREM, ile namba ya usajili wa mwanafunzi, ya kila mtoto uiandike mahali, maana ukija kutaka uhamisho ndiyo itakayoulizwa. Kama cheti hakuna kabisa, anza RITA, wanaosajili vizazi, wiki hii.

Sasa lugha, na hapa ndipo watoto wengi wanapoangukia. Mtoto aliyepata A ya Sayansi darasa la saba anakaa kwenye Baiolojia mwezi mzima bila kunyoosha mkono. Akili anayo, tatizo ni kwamba anachokijua kimebadilishwa majina. Hisabati ndiyo mfano mzuri kuliko yote. KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika) anazikokotoa akiwa amesinzia. Mwalimu akiandika LCM na GCF ubaoni, ambazo ni hizohizo kwa Kiingereza, anadhani ni mada mpya. Kwa hiyo kazi ya likizo ni kuhamisha majina ya vitu anavyovijua tayari, hata kabla ya kumfundisha vitu vipya.

Njia isiyo na gharama ni hii. Vitabu vya kiada vya kidato cha kwanza viko bure kwenye maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), unavisoma kwa simu. Chukua Jiografia au Baiolojia. Kwa siku ukurasa mmoja tu, dakika 40. Asome kwa sauti, hata kwa kukwama. Achague maneno 8 asiyoyajua, atafute maana kwenye kamusi, ayaandike. Akueleze ukurasa kwa Kiswahili, wewe ukiwa unapika. Halafu afunge kitabu aandike sentensi tatu za Kiingereza kuhusu alichosoma. Makosa yatakuwepo, yaache, cha muhimu atunge mwenyewe. Akienda siku tano kwa wiki, wiki tano zinampa maneno 200, na hayo yanarudi kila somo.

Ongeza maneno ya maagizo ya mitihani: define, state, list, explain, distinguish. Mtoto anaulizwa "distinguish" anaeleza kitu kimoja vizuri sana na kukisahau cha pili, anapata sifuri huku jibu analijua. Kila neno mpe mfano wa vitu vya nyumbani: tofautisha ndoo na beseni, orodhesha viungo vya pilau, eleza kwa nini maziwa yanachacha.

Masomo ya Kiswahili na Historia ya Tanzania na Maadili yanafundishwa kwa Kiswahili, hayo hayana haja ya hofu.

Kuhusu prifomu wani: inategemea kituo. Kituo kibaya kinakimbiza silabasi kwa wiki sita, mtoto ananakili notsi anajaza daftari, Januari anaingia darasani akijiona anajua na hasikilizi. Kabla ya kulipa, omba daftari la mtoto yeyote anayesoma pale. Ukiona sentensi alizotunga mwenyewe zenye alama za kalamu nyekundu, lipa. Ukiona notsi safi mstari hadi mstari, okoa hela yako.

Jambo la mwisho: waripoti siku ya kwanza. Shule nyingi wiki za mwanzo zinafundisha Kiingereza cha kuvukia, wenyewe tunaita orientesheni. Anayekuja wiki ya nne kwa sababu mzazi alikuwa anatafuta sweta amekosa kitu pekee kilichoandaliwa kwa ajili yake. Serikali imeshaelekeza mara nyingi kwamba mtoto apokelewe hata kama sare haijakamilika. Mpeleke na sare ya msingi.

FundiSare_Kkoo

Naunga mkono mwalimu, ila sare nazo zina mitego yake.

Usinunue kwa kutaja rangi. Ukisema "damu ya mzee" dukani unatolewa vitambaa vitatu tofauti, na vyote ni damu ya mzee. Nenda shuleni, muombe mlinzi au ofisi uone sketi yenyewe, upige picha juani. Ndani ya duka taa inadanganya, toka na kitambaa mlangoni ulinganishe. Shule nyingine zinauza kitambaa, nembo na sweta zenyewe, fomu itakuwa imesema, usitangulie.

Kwa binti wa kutwa Dar, na joto hili na vumbi, mashati matatu, sketi mbili. Mashati mawili yanamaanisha kufua kila usiku, na mvua ikinyesha anavaa bichi. Shati chagua tetroni yenye pamba kidogo. Ile nyembamba inayong'aa haipitishi hewa na inaonyesha kila kitu.

Sketi: mwambie fundi aache pindo la inchi 3 chini, na kiunoni aache akiba ya inchi moja na nusu kila upande, aweke lastiki nyuma. Watoto wa umri huu wanarefuka ghafla. Fundi mvivu anakata pindo la inchi moja, ukifika Julai sketi iko juu ya goti na mwalimu wa nidhamu hana utani. Kitambaa cha pamba kiloweke na ukikaushe kabla ya kukatwa, la sivyo kitasinyaa kikifuliwa baada ya kushonwa. Na marinda yabanwe kwa ushoni inchi 4 kutoka kiunoni, yakiachwa huru yanafumuka kila akikaa.

Viatu vya kamba vya ngozi, nafasi ya kidole gumba mbele, basi. Vikizidi hapo anavivuta, kisigino kinaisha upande mmoja. Vya plastiki ni bei ya chini ila kwa jua la huku utanunua na dawa ya fangasi. Ukienda mitumba ya Karume, pinda soli kwa mikono miwili: ikionyesha nyufa nyeupe, gundi imeshakufa, rudisha.

Tena usisubiri wiki ya mwisho. Sisi mafundi Januari tunashona usiku, na nguo ya usiku ina mishono ya usiku.

Dereva_wa_Njia_ya_Mjini

Swali la saa ngapi. Wazazi wengi wanafanya jaribio la safari Desemba. Wazo zuri, ila saa utakayoipata ni ya uongo, kwa sababu shule zimefungwa na watu wengi wamekwenda mikoani. Jaribu njia Desemba ili ajue pa kushuka na pa kuvuka, ila muda wenyewe uongeze angalau dakika 40 juu yake. Jumatatu na siku ya mvua ongeza tena, Buguruni pale hapana mwenyewe.

Kama kengele ni saa 1:15 asubuhi, kutoka Kinyerezi awe kituoni saa 11:00 alfajiri, isizidi na robo. Sababu sio foleni peke yake. Kuanzia saa 12 makonda wanachagua abiria wa nauli kamili na mwanafunzi anabaki kituoni na begi lake. Gari la alfajiri halijazi, linampokea. Apandie mwanzo wa njia, asisubiri kituo cha katikati. Jioni pia, kama gari limejaa Kariakoo, wengine wanageuza nalo, yaani wanalipandia likiwa bado linaelekea mwisho wa njia ili wapate nafasi, ila ajue konda atadai nauli ya kugeuza, kwa hiyo awe na akiba ya safari moja.

Wiki za mwanzo hana kitambulisho cha shule, sare ndiyo kitambulisho chake. Siku akivaa nguo ya nyumbani kwa sababu shati halijakauka, atalipa kama mtu mzima. Chenji ndogo ya nauli iwe mfuko wa shati, hela ya akiba mahali pengine kabisa. Na mtafutie mwenzake wa njia moja. Alfajiri hiyo giza bado lipo, binti asisimame kituoni peke yake.

MatroniBweni

Shangazi wa kijana wa Dodoma, yangu ni haya.

Fomu ya afya ijazwe mapema. Wiki ya kwanza ya Januari vituo vya afya vinajaa wanafunzi, daktari anajaza harakaharaka, mtoto anafika fomu ina sahihi haina muhuri. Kabla hujaondoka dirishani hakikisha vyote vipo: majibu ya vipimo, jina la daktari, sahihi, muhuri. Kama mtoto ana pumu, selimundu, kifafa au bado anakojoa kitandani, andika. Wazazi wanaficha wakihofia mtoto atakataliwa, matokeo yake tunagundua saa 8 usiku. Dawa zake zije na maelekezo ya daktari, zikabidhiwe kwangu au kwa patroni. Zikikaa kwenye tranka zinaishia kugawiwa wenzake.

Godoro pima kwa vitanda vya shule: vya ghorofa vingi ni futi 2 na nusu kwa 6, inchi 4 au 5. La futi 3 linaning'inia ukingoni na linakatika upande. Chandarua chukua cha pembe nne. Cha duara kinahitaji ndoano ya dari, na aliyelala chini dari yake ni kitanda cha mwenzake. Shuka jozi mbili za rangi iliyotajwa, na Dodoma usiku wa Juni na Julai ni baridi hasa, blanketi sio pambo.

Kila kitu kiandikwe jina kwa wino usiofutika, mahali pasipofunuka: shuka kwenye pindo, ndoo chini ya kitako na kwenye mfuniko, kandambili chini ya soli. Jina likiandikwa ubavuni mwa ndoo linakwanguliwa siku mbili. Ndani ya mfuniko wa tranka bandika orodha ya vitu vyote na idadi, nakala ubaki nayo. Kufuli moja nzuri na funguo mbili, moja tunaitunza ofisini.

Fyekeo, jembe na fagio la chelewa visinunuliwe Dar. Vitakutesa kwenye basi, na konda wa mizigo atakutoza. Nunua ukifika, sokoni vipo. Rimu ya karatasi vilevile. Godoro likikunjwa likafungwa nailoni linapita, ila bei ya mzigo ielewane kabla halijaingia kwenye buti pale stendi ya Magufuli. Tiketi kata mapema, Januari magari yanajaa.

Hela ya matumizi usimpe yote. Na ukipigiwa simu na mtu anayesema yuko shuleni, mtoto amelazwa, tuma kwenye namba hii, kata, upige namba iliyoko kwenye fomu ya kujiunga. Malipo ya shule ya serikali yanapita kwenye namba ya malipo au akaunti iliyoandikwa humo, sio simu ya mtu.

MamaWawili_Kinyerezi

Mungu awabariki. Madaftari je? Fomu ya binti inasema kaunta buku 10, haisemi za ukubwa gani. Na mchango wa chakula, si tulisema elimu bila ada?

Mwl_KidatoChaKwanza

Ada imefutwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, hiyo ni kweli. Sare, madaftari, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vimebaki kwa mzazi. Mchango wa chakula cha mchana unapangwa kwenye kikao cha wazazi, kwa hiyo hudhuria hicho kikao, ndipo kiwango kinapojadiliwa. Usiukwepe kama umekubaliwa: mtoto aliyetoka nyumbani saa 11 alfajiri, kufika saa 8 mchana hana anachosikia.

Kaunta buku chukua za kwaya 2, zile za kurasa 192, kwa masomo yote. Za kwaya 3 acha, mwaka wa kwanza hazijai. Ukizibeba zote kumi ni karibu kilo 5 kabla ya kitabu, na binti yako anasimama kwenye daladala, kwa hiyo abebe kwa ratiba. Tena wiki ya kwanza mpe madaftari mawili tu ya kawaida, mengine anunue baada ya ratiba kutoka.

Mkebe wa hesabu nunua mmoja wa maana. Fungua dukani, kaza skrubu ya bikari, chora duara mara mbili juu ya karatasi ya muuzaji. Mstari usipokutana ulipoanzia, miguu inalegea, omba mwingine.